Kiwanda kinapenda wepesi, jangwa linataka uzito

Mwezi Machi 1964, jijini Cairo, vijumba viwili vya majaribio vilipimwa joto usiku na mchana. Cha kwanza kilijengwa kwa tofali za udongo, kuta zake nene kwa sentimita 50, juu kikaezekwa kwa kuba la udongo huohuo. Cha pili kiliunganishwa kwa paneli za zege zilizomiminwa kiwandani, kuta na paa vyote vikiwa na unene wa sentimita 10. Ndani ya kijumba cha udongo hewa ilicheza kati ya nyuzi 21 na 23 za selisiasi kwa saa zote 24. Ndani ya kile cha paneli ilipanda hadi 36, nyuzi 9 juu ya hewa ya nje. Aliyekuwa humo angepata nafuu kwa kutoka tu akakaa kivulini.

Msanifu majengo wa Misri, Hassan Fathy, aliyaeleza matokeo hayo katika maandishi yake, na tangu hapo watetezi wa udongo huyatoa kama hukumu iliyokwisha kusomwa: nyumba ya kiwandani na nchi kavu, yaani yenye ukame, haviwezi kupatana. Mimi pia nimewahi kuyatumia hivyo. Siku hizi nayasoma vingine. Kilichoshindwa Cairo ni sentimita 10 za zege tupu lililoachwa juani bila kivuli na bila kihami joto, yaani kitu cha kuchelewesha joto kupita. Zege hilohilo lingemiminwa palepale kiwanjani na mafundi hodari, jua lingelipenya vilevile. Kiwanda hakikuwa na kosa la pekee, ila kosa moja ambalo halisemwi: kilichagua unene ambao lori lingeweza kuubeba.

Piga hesabu. Mita moja ya mraba ya zege la sentimita 10 ina uzito wa kilo 240 hivi. Kwa sentimita 50 inakuwa kilo 1,200. Hakuna mwenye kiwanda atakayesafirisha ukuta wa namna hiyo mamia ya kilomita na bado apate mteja. Biashara ya nyumba za kuunganishwa inaishi kwa vitu vinavyosafiri, na kinachosafiri vizuri ni kile chepesi. Jua la nchi kavu nalo hutulizwa na kitu kizito. Mvutano huu ndio kiini cha usanifu wote wa nyumba hizi. Paneli za sola juu ya paa, mabomba ya kubana matumizi ya maji na rangi za kupendeza kwenye kijitabu cha mauzo ni mambo ya baadaye. Neno "endelevu" limebandikwa kwenye vibanda vya bati vingi mno kiasi kwamba mimi husubiri kwanza kuona sakafu.

Tuanze na usiku, kwa sababu ndio mali ya nchi kavu. Kule hewa haina unyevu wa kutosha na mawingu ni machache, kwa hiyo joto ambalo ardhi imelibeba mchana hupaa kwenda angani bila kizuizi. Tofauti ya joto kati ya alasiri na alfajiri inaweza kufika nyuzi 15 au 20. Pwani yenye mvuke haina bahati hiyo: huko usiku hurudisha joto lilelile. Maeneo makavu ya namna mbalimbali yanachukua karibu asilimia 41 ya ardhi yote ya dunia na yana watu zaidi ya bilioni 2, na kila usiku wanamiminiwa ubaridi wa bure. Suala ni nyumba ina chombo gani cha kuukinga.

Hapa ndipo wauzaji wengi huchanganya mambo mawili. Kihami joto, kama sufi ya mwamba (nyuzi za mawe yaliyoyeyushwa) au povu gumu ndani ya paneli, ni blanketi. Kinachelewesha joto kupita, basi. Uzito wa sakafu na kuta ni mtungi: usiku unateka ubaridi, mchana unaunywa kidogo kidogo. Blanketi zuri haliwi mtungi. Na kusema kweli, udongo wenyewe ni blanketi hafifu. Sentimita 10 za sufi ya mwamba huzuia joto zaidi ya mara tatu ya ukuta wa udongo wa nusu mita. Kwa kipimo cha kuzuia peke yake, paneli nyembamba ya kisasa ingemshinda Fathy mchana kweupe.

Kwa nini basi nyumba ya paneli nyepesi, hata yenye kihami kizuri, huchemka? Kwa sababu joto haliingii kwa ukutani tu. Linaingia na mwanga wa dirishani, linatoka kwenye jiko, kwenye friji, na kwenye miili yetu. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4, kimo mita 2.7. Hewa iliyomo, ukiipima, inahitaji kama kilojuli 39 tu kupanda nyuzi moja. Mtu aliyeketi kimya hutoa joto la wati 100 hivi, yaani kilojuli 360 kwa saa. Chumba hicho kingekuwa kimefungwa na kuta zake hazinyonyi chochote, mtu mmoja angekipandisha joto nyuzi 9 kwa saa moja, bila kupika wala kuwasha taa. Sasa weka chini jamvi la zege la sentimita 10. Sakafu hiyo peke yake inahitaji kilojuli 2,400 hivi kupanda nyuzi moja, mara 60 ya hewa yote ya chumbani. Mtu yuleyule, joto lilelile, na kipimajoto hakishtuki.

Kwa hiyo nyumba inataka vyote viwili, na kwa mpangilio: blanketi nje, mtungi ndani. Ukigeuza, ukabandika kihami upande wa ndani wa ukuta wa zege, umeufungia mtungi nje ya nyumba. Uzito upo, umeulipia, lakini chumba hakiufikii. Nimeona michoro ya kuvutia sana yenye kosa hili, na ni kosa rahisi kufanyika kiwandani kwa kuwa upande wa ndani ndio laini, ndio unaobandikika kwa urahisi.

Rai yangu, basi, ni kwamba uzito usisafiri kabisa. Kiwanda kitengeneze kile kinachohitaji vipimo vya milimita: fremu, kenchi, paa, madirisha, viungio, kihami, nyaya na mabomba. Uzito utolewe na kiwanja chenyewe, maana nchi kavu ina vitu viwili kwa wingi, mchanga na udongo. Nyumba ifike ikiwa mifupa na ngozi. Nyama ijazwe ikishasimama.

Haya si ndoto. Nader Khalili, msanifu mzaliwa wa Iran aliyefanyia kazi zake jangwani California, alijenga vijumba vya kuba kwa mifuko mirefu iliyojazwa udongo wa palepale, kati ya tabaka na tabaka akitandaza seng'enge ili zishikane. Kilichohitaji kusafiri ni mifuko mitupu na mabunda ya waya. Vijumba hivyo vilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo mwaka 2004. Mwaka huohuo ilituzwa pia shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, ya msanifu Francis Kéré: kuta za tofali za udongo ulioshindiliwa kwa saruji kidogo, na juu yake paa la bati lililoinuliwa mbali na dari kwa kenchi nyembamba za nondo. Bati hupokea jua, upepo hupita katikati, dari hubaki kivulini. Gando haikutoka kiwandani, lakini mgawanyo wake wa kazi ndio ninaousema hapa. Chuma chepesi juu, udongo mzito chini, na hewa kati yao.

Kuna anayeweza kuuliza kama kiwanda hakiwezi kuufanya udongo wenyewe. Kinaweza. Martin Rauch wa Austria aliutengeneza ukuta wa udongo ulioshindiliwa kwa vipande vikubwa, vikanyanyuliwa kwa kreni, kwa ajili ya jengo la mitishamba la kampuni ya Ricola huko Laufen, Uswisi, lililokamilika mwaka 2014. Ila angalia walivyofanya: udongo ulichimbwa jirani na vipande vilishindiliwa kwenye banda la karibu. Kiwanda ndicho kilichousogelea udongo. Mashine ya kushindilia na fremu za chuma zinapakiwa kwenye lori moja, na banda la kivuli linasimamishwa popote. Hilo linanivutia kuliko kiwanda kikubwa kimoja kinachohudumia nusu ya bara.

Lakini uzito una upande wake wa kutisha, na watetezi wa udongo hawapendi kuugusa. Tarehe 26 Desemba 2003 tetemeko liliupiga mji wa Bam, Iran, mji wa matofali ya udongo. Walikufa watu zaidi ya 26,000, wengi wao wakifukiwa na kuta na mapaa ya nyumba zao walimolala. Maeneo mengi makavu yako juu ya nyufa za ardhi. Kwa hiyo ninaposema uzito namaanisha uzito uliokaa chini: sakafuni, katika kuta fupi, katika ujazo ulioshikwa na fremu. Kubeba paa na kustahimili mtikisiko iwe kazi ya fremu iliyochomelewa au kufungwa bolti kiwandani chini ya ukaguzi. Udongo ubaki na kazi ya joto pekee. Hapo kiwanda kinakuwa na faida ambayo fundi wa peke yake jangwani hana, kwa sababu kiungio cha chuma kilichokaguliwa mezani hakifanani na kilichochomelewa kwenye upepo wa vumbi.

Na kuna mtungi mwingine ambao watu wameusahau, wa maji hasa. Harold Hay, mvumbuzi wa Marekani, aliujaribu mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Phoenix, Arizona, kisha mwaka 1973 akajengewa nyumba kamili huko Atascadero, California. Juu ya dari ya chuma aliweka mifuko ya plastiki yenye maji, na juu ya mifuko vifuniko vya kihami vinavyoteleza kwenye reli. Wakati wa kiangazi, mchana vifuniko hufunga na maji hunyonya joto la vyumba kupitia dari. Usiku vifuniko huondolewa, maji yakatema joto kwenda angani. Wakati wa baridi ratiba inageuzwa. Nyumba ile ilipimwa mwaka mzima na ikajitosheleza kwa joto na ubaridi bila kiyoyozi wala hita.

Kwa mtu wa viwandani, hili lingepaswa kuwa habari njema ya mwaka. Sentimita 10 za maji hutunza joto sawa na sentimita 20 za zege, na mifuko husafiri mitupu, imekunjwa kama mashuka! Maji yenyewe hayatumiki, yanakaa humo msimu hadi msimu. Ugumu upo: mita moja ya mraba inabeba kilo 100, jambo baya penye matetemeko, na mfuko ukivuja unavujia kitandani. Reli pia hushika vumbi. Steve Baer, mvumbuzi mwingine wa Marekani, huko New Mexico mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikwepa sehemu ya matatizo hayo kwa kuyaweka maji ndani ya mapipa ya chuma yaliyopangwa ukutani, na ukuta wa pipa hauhitaji mhandisi. Kwa nyumba ndogo ya kuunganishwa, mimi ningeanzia hapo: benchi au kabati refu lililojengewa matangi, linajazwa siku ya kuhamia.

Maji ya kuvukiza ni hadithi nyingine. Vipoozi vya kupuliza hewa kupitia pedi zilizolowa hufanya kazi vizuri mno penye ukavu, na ndiyo maana huuzwa pamoja na nyumba hizi. Lita moja ikivukizwa hubeba joto la kilowati-saa 0.68 hivi. Nyumba inayoingiza kilowati 3 za joto kwa saa 8 za mchana itakunywa lita 35 kwa siku. Paa la mita 60 za mraba mahali penye mvua ya milimita 250 kwa mwaka hukinga lita 15,000 likikinga kila tone, sawa na lita 41 kwa siku. Yaani, kikiwashwa kila siku, karibu mvua yote ya mwaka imerudi hewani kwa ajili ya upepo wa baridi, na bado hujanawa uso. Kipoozi kiwepo kwa wiki mbaya. Kikiwa ndio mpango mzima, msanifu hakufanya kazi yake.

Nifike kwenye kontena la meli linalogeuzwa nyumba, maana siwezi kulikwepa. Kontena la meli lina upana wa ndani wa mita 2.35. Ukiweka kihami kwa ndani pande zote mbili unabaki na korido. Ukikiweka kwa nje, inabidi ulivishe koti la pili, na ule mwonekano wa kontena uliokuvutia umepotea. Ukikata dirisha kubwa unakata bati la mikunjo ambalo ndilo linalolipa ugumu wake, kisha unalipia vyuma vya kuurudisha. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara elfu ya sufi ya mwamba, kwa hiyo kila fremu inayotoboka kutoka nje hadi ndani ni bomba la joto. Na kulisafirisha tupu ni kusafirisha hewa. Lori hilohilo lingebeba paneli bapa za nyumba kadhaa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kontena limetembezwa sana. Kosa lenyewe ni la zamani: katika miaka ya 1850, enzi za kukimbilia dhahabu, Uingereza ilipeleka Australia nyumba za chuma za kuunganishwa, na waliokaa ndani yake walijua tanuri ni nini.

Wapo waliofikiri kwa kina zaidi na bado wakakwama. Mwaka 1949 Mfaransa Jean Prouvé alipeleka Niamey, Niger, kwa ndege, nyumba ya alumini iliyotengenezwa Ufaransa: paa lenye tabaka mbili na nafasi ya hewa, baraza kuzunguka, na vibao vya kukinga jua vinavyogeuzwa. Kwa mawazo ya kivuli sijaona nyumba ya kiwandani iliyoipita sana. Lakini kila kitu kilitoka mbali na gharama ilikuwa kubwa. Baada ya nyingine za Brazzaville, Kongo, mradi haukuendelea. Nusu karne baadaye zilifunguliwa bolti zikarudishwa, na mwaka 2007 moja yake ikauzwa mnadani New York kwa karibu dola milioni 5. Nyumba iliyobuniwa kuwa ya wengi ikaishia kuwa ya mfanyabiashara mmoja wa hoteli. Aliyebaki na uzoefu wa kuitengeneza Niamey hakuwepo, kwa kuwa hakuna sehemu yake hata moja iliyotoka pale.

Funzo la kinyume limetolewa na watu wasiokuwa wasanifu. Kambi ya Za'atari, Jordan, ilifunguliwa mwaka 2012 kwa mahema, kisha vikaja vyumba vya paneli za bati, vikapangwa kwa mistari. Wakimbizi wa Syria walivihamisha. Waliviburuta wakavipanga kuzunguka ua, wakatandaza turubai juu ya nafasi ya katikati, wengine wakaweka hata vidimbwi vyenye maji ya kuruka juu. Chumba kimoja cha bati juani ni adhabu. Vitatu vinavyotiliana kivuli, na ua katikati, vinaanza kuwa nyumba. Viwanda huchora chumba na kusahau pengo kati ya chumba na chumba, ingawa pengo halina gharama ya usafiri hata senti moja. Ningependa kuona katalogi inayouza pengo: nguzo mbili, kamba, turubai la kivuli, na mchoro wa jinsi ya kuelekeza ua.

Mengine nitayapitia haraka. Mbao zilizokaushwa kiwandani hadi unyevu wa asilimia 12 zitaendelea kukauka jangwani hadi nusu ya hapo, zisinyae, viungo viachie, na vumbi lipite. Zikaushwe zaidi kabla ya kukatwa. Boriti ya chuma ya mita 12 ikipata tofauti ya nyuzi 50 hurefuka milimita 7, kwa hiyo kiungio kisichoruhusu mwendo kitapasua lipu mwaka wa kwanza. Paa la bati lisilopakwa rangi huwaka mchana na, cha ajabu, hutema joto vibaya usiku. Rangi nyeupe hutibu yote mawili. Paneli za sola zenye vumbi huzalisha kidogo, basi ngazi ya kuzifikia iwe sehemu ya nyumba.

Na usiku, ule usiku wa bure, hauingii kwenye nyumba iliyofungwa. Hapa ndipo mahesabu yote ya mtungi hufia. Watu hufunga madirisha wakilala: kwa hofu ya wezi, kwa mbu, kwa vumbi, kwa paka. Mtungi haujazwi, asubuhi sakafu ingali vuguvugu, na kufikia saa 8 mchana kiyoyozi kinavuma. Dawa yake ni tundu mbili katika kila chumba, moja chini upande wa upepo, moja juu karibu na dari, zenye nondo, wavu, na kifuniko cha kihami kinachofungwa kwa mkono mmoja saa 1 asubuhi. Kazi ya namna hii, ndogo na ya kurudiwarudiwa, kiwanda kinaiweza kuliko mtu yeyote. Lakini katika michoro mingi haimo, maana kwenye picha tundu halionekani, dirisha kubwa la kioo linaonekana.

Nyumba njema si mlango. Ukialikwa kuiona nyumba ya mfano, utapelekwa asubuhi, kiyoyozi kimeshawashwa, na utaonyeshwa jikoni. Omba kizimwe tangu jana yake, kisha uende saa 10 alasiri, uvue viatu.

Sakafu ikiwa baridi, endelea kuuliza maswali.